Lenzi Isiyo na Mota na Kiti cha Mama

Toronto, Jumapili ya tatu ya Februari, 2011

Nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, na jua linawaka kama vile halina habari. Bomba la joto chini ya dirisha linagonga. Miguu inaniuma, sauti imenikauka kwa vigelegele vya jana, na sebule bado inanukia pilau. Sijaosha sufuria hata moja. Nimekaa chini kwenye zulia na kikombe cha chai, na nimefurahi mpaka najishangaa.

Leo naandika habari ya mota.

Naam, mota. Ile inayozungusha vioo ndani ya lenzi ili kamera ilenge yenyewe na picha itoke kali. Mwezi uliopita sikujua kwamba lenzi ina mota. Leo naweza kuwahutubia watu kwenye kituo cha basi cha Don Mills mpaka basi lije, na yale mabasi tunayajua.

Wewe unayepita hapa kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mdogo wangu Nyambura, ambaye naishi naye hapa Flemingdon Park, anaolewa na Mwangi wa Malvern. Wazee wa pande zote mbili walimaliza yao Nakuru mwezi Desemba, mahari na maneno yake yote. Kilichobaki kilikuwa kile kipande ambacho lazima wahusika wawepo, na wahusika wako huku: kumtambua bibi harusi. Wasichana wanafunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, wanasimamishwa mstari mmoja, na bwana anaambiwa amchague wake. Akikosea anapigwa faini, na shangazi zake watamcheka mpaka azeeke.

Mama hakuweza kuja. Mwaka jana damu iliganda mguuni, na daktari wake akamkataza safari ndefu za ndege. Alilia siku moja tu, kisha akanipigia na kunipa kazi.

"Sitaki picha ya keki," alisema. "Keki nimeziona. Nataka ile dakika leso inapofunuliwa. Nimwone mtoto wangu, na niwaone wote waliomzunguka. Usinikatie mtu."

Usinikatie mtu. Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima.

Nikiri jambo hapa, kwa sababu shajara isiyokiri ni barua ya kuomba kazi. Baba alipofariki miaka mitatu iliyopita sikwenda kumzika. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado, ningetoka nisingerudi. Nilitumiwa picha kumi na mbili. Zote zilikuwa na ukungu, na katika ile moja ambayo Mama amesimama karibu na kaburi, uso wake ni doa tu. Nimeitazama mara nyingi mno nikitafuta macho yake. Kwa hiyo najua mtu aliye mbali anavyoitegemea picha. Nilijiapiza kwamba Mama hatapata doa.

Sasa, sebule yetu ukuta kwa ukuta ni hatua tano zangu, na mimi si mrefu. Lenzi iliyokuja na kamera yangu ingenitaka nirudi nyuma mpaka jikoni kwa jirani ndipo niwapate watu wote. Nilihitaji lenzi pana. Lenzi pana mpya ni ghali, kwa hiyo nikaanza kutafuta iliyotumika, na nikaanza kusoma mabishano ya wapiga picha mtandaoni. Jamani! Wale watu wanagombania mota kama ndugu wanaogombania shamba. Huyu anasema usinunue lenzi isiyo na mota ya kimyakimya. Yule anasema mota ni ya watu wa mpira na ndege, kwa lenzi pana mota si kitu. Jibu la yule wa pili nililipenda sana kwa sababu lilikuwa nafuu.

Nikapata bwana mmoja wa Pickering, mwalimu mstaafu, anauza lenzi pana ya zamani, safi, kwa bei ambayo sikuibishia. Tulikutana Alhamisi kwenye mkahawa karibu na kituo cha treni. Nilitoka moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, bado nimevaa sare chini ya koti. Kamera yangu ilikuwa nyumbani, maana kabati langu la kazini halifungi. Yule bwana akatoa kamera yake, kubwa, nyeusi, nzito kama tofali, akaifunga lenzi, akabonyeza. Grrr! Ikalenga kikombe changu. Grrr! Ikalenga magari nje. Akanipa nijaribu mwenyewe, na nikajaribu kila kitu kilichokuwa humo ndani hadi vijiko. Ikalenga vyote bila kosa. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Nilijaribu lenzi yangu kwenye kamera ya mtu mwingine. Nawaomba mcheke sasa ili tuendelee.

Nyumbani nikaifunga kwenye kamera yangu ndogo. Nikabonyeza. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha, nikaomba Mungu. Kimya. Ndipo nikatafuta kitabu cha maelezo ya kamera, ambacho kwa miaka miwili kilikuwa kwenye nailoni yake. Nikakipasulia nailoni nikiwa nimesimama.

Kumbe kuna lenzi zenye mota yake ndani, na kuna zile za zamani zisizo nayo. Hizi za zamani zinazungushwa na mota iliyo ndani ya kamera, kupitia kipini kidogo cha chuma kinachofanya kazi kama bisibisi. Kamera kubwa zina kipini hicho. Kamera ndogo za bei yangu hazina. Ile grrr iliyonifurahisha kule mkahawani ilikuwa mota ya kamera ya mwalimu, si ya lenzi. Mimi nilinunua ng'ombe kwa sababu nimesikia jirani yake akilia.

Yule bwana nilimpigia. Hakuwa na ubaya wowote, alisikitika kabisa, akasema atanirudishia pesa zangu zote. Ila alikuwa njiani kwenda kwa binti yake Ottawa mpaka Jumanne, na shughuli ilikuwa Jumamosi.

Basi nikasema nitalenga kwa mkono. Pete ipo, inazunguka, nini shida? Nikampiga picha Nyambura kwenye kochi. Nikapiga friji. Nikapiga viatu mlangoni. Ndani ya kile kidirisha cha kamera kila kitu kilionekana kikali, kwa sababu lenzi pana inafanya watu wawe wadogo kama punje za mchele, na mimi navaa miwani. Nilipozifungua kwenye kompyuta, ukungu mtupu. Uso wa Nyambura ulikuwa doa.

Doa lilelile.

Nyambura alinichungulia begani. "Sis, si uambie tu mtu wa church akuje na camera yake? It's not that deep."

Yeye hakuziona picha za Baba kama mimi nilivyoziona. Alikuwepo kule, alizika. Nikaenda kujifungia bafuni nikalia kidogo, kilio cha mtu mzima, cha kufungulia bomba la maji.

Ijumaa asubuhi sikuwa na zamu, nikashuka na nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia. Bi Zarina alikuwepo, anakunja mashuka yake. Bi Zarina anakaa ghorofa ya kumi na mbili, sisi tuko ya saba. Ni Mismaili wa Tanga, mjane, ana miaka sabini na kitu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, jambo ambalo hanisamehe. Tumezoeana kwa salamu za lifti na kwa bakuli: mimi nikipeleka chapati, yeye anarudisha bakuli na kitu ndani, maana kwake bakuli tupu halishuki ngazi.

"Wewe binti, uso huo umeufua na mashine gani?" akaniuliza.

Nikamwambia yote. Mwalimu wa Pickering, kipini, mota, Mama, leso, doa. Nilitegemea anipe pole. Bi Zarina akacheka mpaka akaweka shuka chini.

Nilijua alikuwa na duka Tanga. Sikujua lilikuwa la picha. Kumbe yeye na marehemu mumewe walikuwa na studio, na kwenye harusi za watu walikuwa wanagawana kazi. Mume anapiga wanaume uwanjani. Bibi harusi na wanawake wako ndani, na ndani mwanamume haingii, kwa hiyo anaingia Bi Zarina na kamera ya pili.

"Chumba kidogo, wanawake arobaini, joto, kila mtu anataka kusimama mbele," alisema. "Nani alikuwa na mota? Mota nilikuwa mimi mwenyewe. Na usitazame kwenye tundu ukatafuta ukali, utazeeka. Usitazame. Pima."

Tukaziacha nguo zangu zizunguke, akapanda nami hadi kwetu. Sikujua kama ni adabu kumwonyesha sebule katika hali ile, viti vya kuazima hadi kwenye korido, lakini hakuangalia viti. Akataka leso. Nikampa ya jikoni. Akanishikisha ncha moja kwenye lenzi, akaivuta hadi ncha ya pili ikamgusa Nyambura kifuani.

"Leso zote urefu wake karibu ni mmoja. Mita moja na nusu hivi. Wewe umejifunga leso tangu utoto, mkono wako unaujua urefu huu hata ukiwa usingizini."

Akavaa miwani yake ya kusomea, akazungusha pete hadi kwenye alama ya mita moja na nusu. Tundu la kupitishia mwanga akaniambia nilibane hadi namba nane, na flashi niielekeze kwenye dari, ambayo nashukuru wenye jengo waliipaka nyeupe. Akanieleza kwamba lenzi ya kuvuta mbali ina wivu, inataka kitu kimoja tu, lakini lenzi pana ina roho kubwa: ukiiwekea leso moja na ukabana tundu, inachukua kilichoko hatua moja mbele yako hadi ukutani, vyote vikali. Kisha akaomba selotepu akaibandika ile pete isisogee.

"Ukiigusa tena, nakukata mkono," akasema, akashuka zake kwenda kumalizia mashuka.

Nikapiga picha moja. Nikaifungua kwenye kompyuta. Nyambura ametoa ulimi, na nyuma yake, ukutani, kalenda ya kanisa inasomeka tarehe.

Nilikaa nikaitazama ile kalenda kwa muda mrefu.

Jana sasa. Watu wa Malvern walifika saa nane mchana wakiwa wengi kuliko walivyoahidi, kama ada. Viatu vikajaa koridoni hadi kwenye mlango wa lifti. Mama alikuwa ametuma jozi ya leso kwa mkono wa mgeni aliyetoka Nakuru, zimeandikwa NANI KAMA MAMA. Moja tuliitenga ya kumfunikia Nyambura. Ya pili Nyambura aliitandika kwenye kiti karibu na dirisha, bila kuniambia, akasema tu hicho kisikaliwe. Yule yule wa "it's not that deep".

Nilikuwa nimemwalika Bi Zarina aje kula pilau. Alikuja na sari ya kijani chini ya koti la theluji, na nilipopita na sinia nikamwona amesimama nyuma ya kile kiti, mkono juu ya mgongo wake. Shangazi mmoja wa Mwangi, mwenye miguu ya kuvimba, Mungu ambariki, alikuwa anakisogelea.

"Hiki kina mwenyewe, mama," Bi Zarina alimwambia kwa upole. "Njoo nikutafutie kingine."

Akamtafutia. Kisha akarudi kusimama palepale. Mtu wa miaka sabini na kitu.

Wasichana watano walitoka chumbani wamefunikwa. Kwa kuwa huku hatuingii na viatu, shangazi zetu walikuwa wamewavalisha wote soksi nyeupe zinazofanana ili Mwangi asiibe kwa kutazama miguu. Mimi nilikuwa nimepima leso yangu mapema, nikabandika alama kwenye zulia mahali pa kusimama. Nilijiona profesa.

Halafu shangazi wakapangua mstari. Dakika ya mwisho kabisa, wakamtoa Nyambura katikati wakampeleka mwisho, karibu na dirisha. Alama yangu ikawa haina kazi. Na Mwangi naye, badala ya kujikanyaga kanyaga kama mabwana wengine, alipita mbele yao mara moja tu, akarudi, akasimama mbele ya yule wa mwisho. Amesema baadaye kwamba Nyambura akichoka huegemea mguu wa kushoto, na anajua jinsi anavyochoka kwa sababu humngojea atoke kazini.

Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilisukuma bega la mtu ambaye bado sijui ni nani, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa televisheni, na mkono wangu ukasema: leso moja. Mwangi akashika ncha. Leso ikapanda juu. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Vigelegele vikanizidi nikaacha kusikia hata kamera.

Nimeitazama picha ya tatu tangu alfajiri. Leso iko hewani nusu ya njia, na uso wa Nyambura uko chini yake, anacheka na kulia kwa pamoja. Nikafikiri: kamera yenye mota pengine ingeikimbilia ile leso iliyopita mbele, ikamwacha mtoto wa watu na ukungu. Pengine. Sitaki kuwa mtu wa kumtukana mota kwa sababu nilimkosa.

Kwa hiyo kwa yeyote aliyefika hapa akitafuta jibu: mota ina maana au haina? Ina maana siku ya kununua. Jua kama kamera yako ina kile kipini au haina, na nenda nayo mkononi, hata kama kabati la kazini halifungi. Ukipiga kanisani wakati wa maombi, mota ya kimya ni heshima, maana ile grrr inaweza kumwamsha mzee aliyelala. Lakini kwa lenzi pana, ndani ya sebule ya hatua tano, ukijua umbali wako utavuka. Jumanne mwalimu wa Pickering akirudi nitampigia kumwambia lenzi hairudi.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilimtumia Kezia, mke wa kaka yangu pale Nakuru, ile picha ya tatu kwa barua pepe, amwonyeshe Mama. Mimi nilikuwa nimetazama uso wa Nyambura tu. Kule ilikuwa jioni. Baada ya nusu saa simu ikalia mara moja ikakata. Hiyo ni flashi ya Mama, maana yake nipigie wewe uliye Ulaya, na kwa Mama Kanada ni Ulaya. Nikakwangua kadi ya simu kwa haraka nikakosea namba mara mbili.

Mama alipokea akanyamaza. Nikamsikia anapumua. Nikadhani picha haikufunguka, au imefunguka na ukungu.

"Mama, unaona?"

"Naona," akasema. "Nyambura amenenepa, nimefurahi. Mwangi amekata nywele. Nimewahesabu watu, ni ishirini na sita, na sura zote nazisoma. Na kiti changu nimekiona."

Nikaivuta kompyuta. Kwenye pembe ya picha, karibu na dirisha, nyuma ya watu wote, kiti. Leso imetandikwa, na maandishi yake yanasomeka herufi kwa herufi.

"Hamkuniambia mmeniwekea kiti," Mama akasema. "Na huyo mama wa Kihindi aliyekishikilia, ni nani?"

"Ni jirani yetu, Mama. Alikuwa anakulindia, wasikukalie."

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie nimekaa."

Sufuria zitangoja. Kesho mkoa mzima unapumzika kwa Siku ya Familia na mimi naingia kazini saa moja asubuhi, lakini hilo ni la kesho. Sasa hivi nimejaza pilau kwenye bakuli, nimefunika, navaa ndala. Napanda ghorofa ya kumi na mbili kumwambia Bi Zarina kwamba Mama amekaa.